Neno Moja Katika Faili la Mahad

Shamima Abdi alikuwa ndani ya eda wakati kompyuta ya kiwanda cha kahawa ilipoanza kuletwa kwake ndani ya kiondo.

Aliyeileta alikuwa Cicily, karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha upande wa Githongo. Aliifunika kwa kitenge, akapanga ndizi juu yake, ili wa njiani aone ndizi tu. Akifika Majengo, mjini Meru, alipitiliza mpaka chumba cha nyuma, kwa kuwa mwenye eda hatoki kwenda kumlaki mgeni. Alimkuta Shamima amekaa mkekani, nguo yake haina rangi, hana wanja wala manukato. Mumewe, Mahad, alikuwa amelalamikia kichwa asubuhi moja wakati wa chai. Kufikia adhuhuri hakuwa na kauli tena, na kesho yake akazikwa.

Waliokuja kutoa pole walimsifu kwa subira. Shamima aliitikia amina, ila mwenyewe alijua haikuwa subira. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, isipokuwa kilichokufa ganzi hakikuwa mguu. Mama mkwe wake, Amino, alipogawa nguo za Mahad kuwa sadaka, Shamima alisaidia kuzikunja. Viatu vilichukuliwa na Shueib, ndugu yake marehemu, naye akavivaa palepale na kuondoka navyo. Shamima alivitazama vikitoka mlangoni akakumbuka kwamba kisigino cha kulia kilihitaji kushonwa. Basi.

Baba yake Shamima alikuwa na bucha karibu na soko. Binti alikulia nyuma ya bucha hiyo, akimsikia mzee akipatana bei na wateja kwa Kimeru, akiomba dua kwa Kiarabu na kugombana na mizani kwa Kiswahili. Alipomaliza kidato cha nne alijiunga na chuo cha kompyuta kilichokuwa juu ya duka la magodoro, na hapo akagundua kwamba ana mkono wa kuandika programu. Mahad naye alikuwa fundi wa mizani. Alikuja siku moja kuifungua mizani ya bucha kwa bisibisi, akarudi wiki iliyofuata kuifungua tena, na ya tatu. Mzee Abdi akamwambia, "Kijana, mizani yangu ni nzima. Sema unachotaka."

Waliooana hivyo wakaishia kufanya kazi moja. Kiwanda kile cha Githongo kilipopata mizani ya umeme, Mahad alipewa kazi ya kuiunganisha na kompyuta, akaandika programu ya kupokea uzito wa kahawa ya kila mkulima. Sehemu kuu aliiita Mwanachama. Hiyo ndiyo iliyomshika mkulima aliyesimama mbele ya karani: namba yake, jina lake, na njia ya kuzungumza na mizani. Mkulima akimaliza, Mwanachama alifutwa, na kifungu chake cha kufunga kikaiachia mizani kwa ajili ya anayefuata.

Lakini upande ule mzee humgawia mwanawe mistari ya mibuni miaka mingi kabla ya kumgawia shamba. Mwana hupalilia mistari yake, huchuma, hubeba gunia mpaka kiwandani, na bado namba inabaki ya baba. Karani akiita, ataita jina la baba. Kahawa ya mzee na ya wanawe ilichanganyika katika namba moja, na fujo zake ziliamuliwa nyumbani, mara nyingine kwa rungu. Ndipo Shamima akaandika sehemu yake, akaiita Mtoto. Mtoto alirithi kila kitu kutoka kwa Mwanachama, kisha akaongeza cha kwake: faili dogo lililofunguliwa pale pale kuandika uzito wa mwana huyo peke yake. Naye Mtoto alikuwa na kifungu chake cha kufunga, cha kulifunga faili lile.

Mahad alimfundisha jambo hilo wakiwa wamesimama kando ya meza za kuanikia kahawa. "Unaona meza hii? Kwanza nguzo, halafu waya, halafu wavu. Siku ya kubomoa unaanza na wavu. Mtoto asafishe vyake kwanza, mzazi afuate. Mtu akija aking'oa nguzo peke yake, wavu utabaki kwenye nyasi umenasa, na hakuna atakayejua ni wa nani."

Msimu wa kwanza ni nyumba chache tu zilizojiandikisha kwa mpango wa Mtoto, na mambo yakaenda. Msimu huu walijiandikisha karibu wote. Na msimu huu Mahad hakuwepo.

"Muga, Mama Ilwad," Cicily alimsalimia kwa Kimeru siku ile ya kwanza, akishusha kiondo. Ilwad ni binti yao Shamima na Mahad, na alikuwa shule. "Mashine yenu imeanza kulala kazini. Asubuhi inafanya vizuri, mchana inaganda. Ninaita namba, kimya. Ninabonyeza, kimya. Hata mlevi huamka ukimwita jina la mama yake."

"Ukiizima na kuiwasha?"

"Inaamka. Halafu inalala tena. Na kila nikiizima, foleni yote inanitazama kama ni mimi nimemeza umeme."

Shamima aliifungua kompyuta. Vidole vyake vilijua kazi, na yeye aliviacha vifanye. Hakuchukua muda kuona kilichokuwa kikiendelea. Mafaili madogo ya akina Mtoto yalikuwa yamebaki wazi, lile la kijana wa asubuhi, la dada yake, la jirani yao, yote, ingawa wenyewe walikuwa wameshamaliza na kurudi nyumbani. Kompyuta ina kiasi cha mafaili inayoweza kuyaacha wazi kwa pamoja. Kikijaa, hukataa kufungua jingine. Ndiyo maana ililala mchana na si asubuhi.

Sababu nayo aliiona. Programu inapoambiwa ifute kitu, hutazama imekishika kwa jina gani. Humo ndani kila mtu alishikwa kwa jina la Mwanachama, sawasawa na kiwandani ambako kila mtu huitwa kwa namba ya mzazi. Amri ya kufuta ilipokuja, programu ilisoma kifungu cha kufunga cha mzazi, ikaiachia mizani, ikahesabu kwamba imemaliza. Kifungu cha Mtoto hakikuitwa hata mara moja. Nguzo ziling'olewa, wavu ukabaki nyasini.

Dawa yake ilikuwa neno moja. Katika lugha waliyotumia neno hilo ni "virtual". Likiwekwa mbele ya kifungu cha kufunga cha mzazi, programu hujua kuuliza kwanza: wewe niliyekushika kwa jina la mzazi, hasa ni nani? Ikijibiwa ni Mtoto, itamsafisha Mtoto kwanza, kisha mzazi. Ila neno hilo haliwekwi kwa mtoto likasaidia. Lazima liwekwe kwa mzazi, na mzazi alikuwa katika faili la Mahad.

Shamima alilifungua faili hilo. Juu ya kifungu cha kufunga Mahad alikuwa ameacha mstari ambao kompyuta haiusomi, wa kusomwa na watu tu: Usiguse hapa kabla ya kuniuliza. Mama Ilwad, nakuona.

Alilifunga bila kuandika kitu. Penye orodha ya mafaili, kando ya jina la lile la Mahad, palikuwa na tarehe ya mara ya mwisho kuguswa. Mahad alikuwa hai tarehe hiyo. Shamima alikuwa na nakala yake katika kompyuta ya nyumbani, na kila siku baada ya alasiri aliifungua orodha, akaitazama tarehe, akafunga. Nguo zilikwenda, viatu vilikwenda, na havikumgusa. Tarehe hiyo ndiyo kitu pekee alichoogopa kukipoteza, na hata huo woga aliujua kwa akili tu, kama mtu anayejua kwamba maji yanachemka kwa kuona mvuke. Faili likibadilishwa, tarehe ingekuwa ya leo.

Akatafuta njia ya kuzunguka. Katika skrini ya karani, pale Cicily anapobonyeza kwamba mkulima amemaliza, Shamima aliongeza mstari wa kumwita Mtoto kwa mkono alifunge faili lake kabla ya kufutwa. Faili la Mahad likabaki kama lilivyo.

"Imepona?" Cicily aliuliza.

"Jaribuni."

"Sijakuuliza kujaribu, nimekuuliza kupona."

Shamima aliifunga kompyuta. Amino, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alimtazama mkwewe, akarudi kwenye mchele.

Cicily alirudi kabla ya wiki kwisha, na safari hii hakuja na ndizi. Alikuja na kompyuta, na meneja wa kiwanda. Ndambiri alikuwa mtu wa Kanja, kule Embu, mrefu na mpole, na kwa kuwa hakuwa maharimu wa mwenye eda, aliwekewa kiti uani, upande wa pili wa pazia.

"Hodi tena, mama," alisema kupitia pazia. "Ni mimi Ndambiri. Pole sana kwa msiba. Mungu anisamehe, nimekuja na maneno mabaya penye matanga."

"Matanga yalishakwisha," Amino alimwambia kutoka jikoni. "Sema tu."

"Mashine imeganda tena juzi. Tena ilichelewa kuganda, ikangoja jioni foleni imefika barabarani. Kahawa nyingine ililala kwenye magunia mpaka asubuhi. Mnajua tunda la kahawa likichumwa leo linataka kumenywa leo. Ilichacha. Nimeiweka daraja la chini, la bei ndogo, na wenyewe wamesimama wananitazama."

"Mzee Runji alilia," Cicily alisema. "Mzee mzima. Alisema ni vumbi."

"Kesho tunapokea tena," Ndambiri aliendelea. "Nimewaambia wazee, mashine ina siku hiyo moja. Ikiganda, narudisha mizani ya kuning'inia mimi mwenyewe, na hiyo programu tunaiondoa. Si kwa ubaya, mama. Bwana Mahad alikuwa rafiki yangu. Lakini kahawa haijui urafiki."

Shamima alisikia maneno hayo vizuri, moja moja. Programu ikiondolewa, kazi ya Mahad na yake ingezimwa, na vijana wa mistari wangerudi kugombania gunia. Alijua kwamba hapo ndipo mtu angeshtuka. "Sawa, meneja," alisema.

"Sawa gani?" Amino alinong'ona. "Umesema sawa kama umeulizwa kuhusu chumvi."

Ndambiri alipewa chai uani. Cicily akakaa mkekani.

"Nieleze juzi ilivyokuwa," Shamima alisema. "Si foleni. Wewe ulibonyeza nini?"

"Nilibonyeza ninavyobonyeza siku zote. Mtu akimaliza, nabonyeza amemaliza. Mtu akiwa na buni mbichi za kijani gunia zima, namwambia rudi ukachambue, nabonyeza futa."

Shamima aliinua macho. "Wangapi walirudishwa?"

"Juzi? Karibu wote! Mvua imewaharakisha, wamechuma mpaka majani. Runji na wanawe wote nimewarudisha, wakachambua vibaya, nikawarudisha tena. Mmoja akaniuliza kama nataka aipake rangi nyekundu."

Hapo ndipo palipokuwa. Mstari wake wa kuzunguka ulikaa penye kitufe cha kumaliza. Aliyerudishwa kwenye turubai kuchambua upya hakupita hapo. Alifutwa kwa kitufe kingine, kwa jina la mzazi, na faili lake likabaki wazi, na akirudi alifungua jipya. Angeweza kuweka mstari mwingine kwenye kitufe hicho. Halafu umeme ungepotea katikati, au karani angekosea namba, na kungekuwa na njia ya tatu, na ya nne. Mtu hazibi paa kwa kukimbiza beseni chumba hadi chumba.

Alilifungua faili la Mahad na kuliweka kwenye kioo. Mikono akaiweka magotini.

"Mbona umetulia?" Cicily aliuliza.

"Hii ni ya Baba Ilwad."

"Najua ni yake. Si ndiye aliyeileta?"

"Sijaigusa tangu aondoke."

Amino aliingia akijifuta mikono kwa leso. Aliinama, akatazama kioo ambacho hakukielewa, akanyooka. "Kosa ni la kwake au lako?"

Shamima alifikiri, kwa kuwa lilikuwa swali la haki. "Alipoandika hakukuwa na mtoto, Mama. Nilimwongeza mimi. Lakini nafasi ya kurekebisha iko kwake."

"Mwanangu alitia chumvi kwenye chai ya wageni siku ya posa yako," Amino alisema. "Watu wakanywa wakanyamaza, wakadhani ndiyo desturi yetu. Ulifikiri hakosei?" Kisha akatoka, na sauti yake ikasikika uani ikimuuliza meneja kama Embu hawali, mbona mwembamba hivyo.

Shamima aliusoma tena ule mstari wa Mahad. Usiguse hapa kabla ya kuniuliza. Kwa hiyo akauliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemuuliza aliye chumba cha pili.

"Naweza kugusa hapa?"

"Gusa, mama," Cicily alijibu, akidhani ameulizwa yeye. "Kwani nitakuzuia?"

Shamima aliandika lile neno mbele ya kifungu cha kufunga. Halafu akaenda kwenye skrini ya karani, akauondoa mstari wake wa kuzunguka, kwa kuwa sasa Mtoto angefungwa mara mbili, na kufunga kitu kilichokwisha kufungwa ni kosa kama kukiacha wazi. Akahifadhi. Alingoja ahisi jambo. Palikuwa na harufu ya vitunguu kutoka jikoni, na mlio wa pikipiki barabarani.

"Sasa tuigize," alisema. "Wewe ni foleni."

Cicily alifurahi kupita kiasi. Akasimama, akaweka kitenge begani kama gunia. "Mimi ni mwana wa Mzee Runji! Namba ni ya baba, kahawa ni yangu, na ndugu yangu ni mwizi!"

"Gunia lina za kijani. Rudi ukachambue."

"Karani, hizo si za kijani, ni wewe macho yako!"

"Rudi."

"Narudi! Mimi ni dada yake! Namba ni ya baba!"

"Rudi ukachambue."

"Mnatuonea kwa sababu sisi ni wengi!"

Kutoka uani Ndambiri alicheka, kisha akakumbuka mahali alipo, akakohoa. Cicily aliendelea kuwa wana na mabinti wa nusu ya Githongo mpaka sauti ikakauka, na kila alipofukuzwa Shamima aliiangalia orodha ya mafaili yaliyo wazi. Moja lilifunguka, likafungwa. Jingine likafunguka, likafungwa. Kwanza faili la Mtoto, halafu mizani ya mzazi, kwa mpangilio huo huo kila mara. Hakuna kilichobaki nyuma.

"Nenda nayo," alisema.

Cicily aliifunika kwa kitenge. Mlangoni aligeuka. "Umefurahi hata kidogo?"

"Sijui," Shamima alisema, na lilikuwa jibu la kweli.

Kesho yake aliswali, akafua, akamsuka Ilwad nywele. Wakati wake wa kuitazama orodha ulipofika, akaifungua kama kawaida. Kabla Cicily hajaondoka na kompyuta alikuwa amenakili faili jipya juu ya nakala ya nyumbani, kwa sababu nakala mbili zisizofanana ni chanzo cha makosa, na hilo pia alikuwa amelifanya bila kusita, kama mtu anayefunga bomba. Tarehe ilikuwa ya jana. Aliitazama kwa muda uleule aliozoea kuitazama ile ya zamani.

Simu ililia karibu na magharibi. Nyuma ya sauti ya Cicily mashine ya kumenya ilikuwa ikinguruma.

"Mama Ilwad! Mpaka mtu wa mwisho. Haikulala hata mara moja. Wana wa Runji nimewarudisha, na kurudi, na kurudi, ikawapokea kama mara ya kwanza. Wanamenya sasa hivi, unasikia?"

"Nasikia."

"Ngoja, meneja anataka kusema."

Ndambiri alimsalimia kirefu, kwa adabu ile ile ya nyuma ya pazia. Alisema mizani ya kuning'inia itabaki stoo. Kisha akasema kuna jambo jingine, si la haraka, labda baada ya eda: wapo watu wanaokodi mibuni ya wengine kwa msimu mmoja au miwili. Kahawa ni yao, namba ni ya mwenye shamba, na wakiondoka hakuna kumbukumbu. Je, hao nao wanaweza kuingizwa?

Shamima aliwaza kidogo. "Wanaweza. Cicily aniletee majina."

"Hata sasa? Ndani ya eda?"

"Kuandika si kutoka nje."

Aliikata simu. Amino alikuwa akiwasha taa. Ilwad alisoma kwa sauti mkekani, akirudia mstari mmoja kwa kuwa ulimshinda. Shamima aliivuta kompyuta ya nyumbani, akafungua faili jipya kando ya lile la Mahad, akaliita Mkodishwa, likirithi kutoka kwa Mwanachama. Hakuwa na furaha wala huzuni aliyoweza kuitaja. Aliandika kifungu cha kufunga kwanza, kabla sehemu hiyo mpya haijawa na kitu chochote cha kufungua.